Daftari la Sensa la Wilaya, India 2011: watu limewahesabu vizuri, usafiri limeuacha njiani

Anayetaka kujua kijiji fulani cha India kina watu wangapi, na watu hao wanafikaje mjini, ana pa kuanzia, na hapalipiwi. Ni Daftari la Sensa la Wilaya, linalotolewa na Ofisi ya Msajili Mkuu na Kamishna wa Sensa wa India, New Delhi. Madaftari ya aina hii yalianza na sensa ya 1951. Kwa sensa ya 2011 wilaya zilikuwa 640, na ndani yake vijiji zaidi ya 640,000, ambavyo karibu 597,000 kati yake vina wakazi. Kila kijiji kina mstari wake, hata kile kisicho na mtu. Ni nchi chache zinazomruhusu mtu yeyote, popote alipo, kufungua faili na kusoma kijiji kimoja kimoja namna hii. Sifa hiyo itangulie kabla ya lawama.

Lawama zipo, na nyingi zinatokana na namna daftari linavyosomwa. Zile kurasa za "wasifu wa kijiji" zinazojaa mtandaoni huchota karibu kila kitu humu humu: programu inachukua mstari wa kijiji na kugeuza tarakimu kuwa sentensi. Ndiyo maana wasifu wa vijiji kumi unafanana neno kwa neno, na ndiyo maana kosa moja la tafsiri linarudiwa mara laki kadhaa. Afadhali kwenda kisimani mwenyewe.

Kilichomo

Daftari lina sehemu mbili. Sehemu A ni saraka ya vijiji na miji: shule, zahanati, maji, umeme, benki, barabara, vyombo vya usafiri, matumizi ya ardhi. Sehemu B ni muhtasari wa msingi wa sensa: kaya, wanaume, wanawake, watoto wa miaka 0 hadi 6, jamii zilizoorodheshwa na makabila yaliyoorodheshwa (matabaka ya chini na makabila yanayotambuliwa kisheria), wanaojua kusoma na kuandika, na wafanyakazi wa aina mbalimbali.

Vyote vinapakuliwa bure kwenye tovuti ya sensa ya India. Viungo vingi vya zamani vimekufa tangu tovuti ijengwe upya, kwa hiyo usihangaike na kiungo kilichonukuliwa kwenye tasnifu ya miaka kumi iliyopita. Ingia kwenye katalogi, andika jina la wilaya pamoja na herufi DCHB (kifupi cha jina la Kiingereza la daftari, District Census Handbook), na utapata PDF. Kwa kusoma kijiji kimoja PDF inatosha. Kwa kulinganisha vijiji mia mbili chukua faili za Excel, kwa sababu kunakili majedwali ya PDF kunavuruga safu, na kosa la safu moja linageuza idadi ya wanawake kuwa idadi ya watoto.

Kukipata kijiji chenyewe

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, tena mapema. Jina pekee halitoshi. Rampur ni jina la vijiji chungu nzima kaskazini mwa India, na vingine viko ndani ya wilaya moja. Kitambulisho cha kweli ni namba ya kijiji yenye tarakimu sita. Ukiwa huna, shuka ngazi kwa ngazi: jimbo, wilaya, kisha tarafa, ambayo kaskazini huitwa tehsil, Gujarat na Maharashtra taluka, Andhra mandal. Angalia pia jina la gram panchayat, yaani serikali ya kijiji, kwa sababu panchayat moja inaweza kubeba vijiji kadhaa.

Tahadhari na Excel: ukifungua faili bila kuiambia kwamba safu ya namba ni maandishi, sifuri za mwanzo zinafutwa. Vijiji vya majimbo ya mwanzo wa orodha, kama Jammu na Kashmir, Himachal Pradesh na Punjab, vinabaki na namba fupi zisizooana na faili nyingine yoyote.

Mipaka nayo imehama. Ile inayotumika humu iligandishwa tarehe 31 Desemba 2009, na ramani ya leo ni nyingine. Jambo hili linawagusa moja kwa moja wasomaji wa Afrika Mashariki wenye asili ya Gujarat. Waoshwali, jamii moja ya Kigujarati, wa Nairobi, Mombasa na Thika wanatoka kwenye vijiji 52 vya upande wa Jamnagar. Tarehe 15 Agosti 2013 Gujarat ilianzisha wilaya mpya saba, na taluka za Khambhalia na Bhanvad zikahamia Devbhumi Dwarka. Anayetafuta kijiji cha huko kwenye daftari la Devbhumi Dwarka la 2011 atatafuta hadi kesho, kwa kuwa daftari hilo halipo. Akafungue la Jamnagar. Kadhalika Morbi: kwa 2011 iko chini ya Rajkot. Na vijiji vya Telangana, jimbo lililozaliwa tarehe 2 Juni 2014, vimo katika mafaili ya Andhra Pradesh.

Kijiji kisipoonekana kabisa, usikimbilie kusema kimesahauliwa. Huenda kimegeuka "mji wa sensa". Makazi yenye watu 5,000 au zaidi, yenye msongamano wa angalau watu 400 kwa kilomita ya mraba, na ambapo angalau asilimia 75 ya wanaume walio wafanyakazi wakuu (maana yake iko hapa chini) hawategemei kilimo, yanahesabiwa kuwa mji hata kama bado yanaongozwa na panchayat ya kijiji. Mwaka 2001 miji ya namna hii ilikuwa 1,362. Mwaka 2011 ilifika 3,894. Vijiji vikubwa vinavyopokea fedha kutoka ng'ambo ni wagombea wazuri wa kundi hili. Vitafute kwenye saraka ya miji.

Kinyume chake pia hutokea. "Kijiji" cha sensa ni kijiji cha kodi ya ardhi, mauza, chenye mpaka kwenye ramani ya serikali. Ndani yake mna vitongoji: tola kwa Bihar, dhani kwa Rajasthan, pada kwa Maharashtra. Vyote vinaingia mstari mmoja. Kitongoji cha kilomita tatu ng'ambo ya mto kinapewa shule na barabara ya kitongoji kikuu, na mara nyingi wanaoishi kwenye kile cha mbali ni wale wale wa tabaka la chini. Kwa macho yetu huo ndio udhaifu mkubwa kuliko wote wa daftari, na hakuna hesabu ya kuurekebisha.

Upande wa watu: nyota nne na nusu kati ya tano

Hesabu ilifanyika kuanzia tarehe 9 hadi 28 Februari 2011, ikafuatiwa na marudio ya tarehe 1 hadi 5 Machi ili kuongeza waliozaliwa na kuondoa waliofariki, na saa ya rejea ikawa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Machi. Takwimu zilitokana na mtu aliyebisha hodi kila kaya, na ndiyo sababu zinaaminika kuliko chochote kilichomo upande wa pili.

Kosa la kawaida ni kiwango cha kusoma na kuandika. Chukua kijiji cha mfano: watu 1,240, wanaume 628, wanawake 612, watoto wa miaka 0 hadi 6 wapo 168, wanaojua kusoma 724. Wengi wanagawanya 724 kwa 1,240 na kupata asilimia 58.4. Sensa ya India haihesabu hivyo. Kwanza waondoe watoto wadogo: 1,240 toa 168 ni 1,072. Kisha 724 kwa 1,072 ni asilimia 67.5. Tofauti ya pointi tisa inatosha kukifanya kijiji cha kawaida kionekane kimeachwa nyuma.

Uwiano wa kijinsia India huandikwa kama idadi ya wanawake kwa kila wanaume 1,000. Hapa ni 612 kwa 628, yaani 975. Wastani wa nchi ulikuwa 943, na kwa watoto wa miaka 0 hadi 6 ulikuwa 919. Uwiano wa watoto kwa kijiji kimoja usiuchukulie kama ushahidi wa jambo lolote. Wasichana 38 na wavulana 42 wanatoa 905. Wakiwa 40 kwa 40, ni 1,000. Watoto wawili tu wamehamisha kijiji kutoka "kuna tatizo" hadi "hakuna tatizo". Kusanya taluka nzima ndipo useme.

Kwa wafanyakazi, mkuu ni aliyefanya kazi siku 183 au zaidi katika mwaka. Aliye chini ya hapo ni wa pembeni. Wanagawanywa kuwa wakulima wa shamba lao, vibarua wa mashamba, wa viwanda vya nyumbani, na wengineo. Kundi la "wengineo" linambeba mwalimu, dereva na mchimba mitaro pamoja, kwa hiyo halisemi mengi.

Jambo moja la kuangalia sana ni mwezi. Aliyekuwa mbali na kijiji kwa kipindi chote cha hesabu hakuhesabiwa nyumbani, alihesabiwa alikokuwa. Februari ni katikati ya msimu wa kukata miwa Maharashtra, na familia nyingi za wilaya ya Beed huwa ziko kwenye mashamba ya miwa upande wa magharibi tangu Oktoba au Novemba. Kijiji cha Beed kinaweza kuonekana na watu pungufu kuliko wanaoonekana siku ya harusi mwezi Mei, bila mtu kudanganya.

Na wale wanaoandika "idadi ya watu 2025" kwa kupandisha namba ya 2011 kwa kiwango cha ukuaji cha jimbo, usiwasikilize. Wilaya za Almora na Pauri Garhwal, jimbo la Uttarakhand, zilipungua watu kati ya 2001 na 2011 huku jimbo likiongezeka. Kwa kanuni hiyo kijiji kilichobaki na wazee sita kingekuwa kinakua kila mwaka.

Upande wa usafiri: nyota mbili na nusu

Saraka ina safu za basi la umma, basi la binafsi, stesheni ya treni, bajaji pamoja na zilizorekebishwa, teksi na vani, trekta, riksho ya kukanyaga, riksho ya mashine, mkokoteni wa wanyama, na kivuko. Zinafuata aina za barabara: kuu ya taifa, ya jimbo, za wilaya, ya lami, ya changarawe, inayopitika mwaka mzima, na njia ya miguu. Bajaji hatuhitaji kuielezea. Tanzania imechukua jina hilo kwenye kampuni ya Bajaj ya Pune. "Zilizorekebishwa" ni vyombo kama chhakdo cha Saurashtra na Kachchh huko Gujarat, pikipiki mbele na tela nyuma, kinachobeba watu na magunia pamoja.

Kwenye faili, 1 maana yake ipo, 2 haipo. Ikiwa haipo, inafuata herufi ya umbali hadi ilipo karibu zaidi: a chini ya kilomita 5, b kilomita 5 hadi 10, c zaidi ya 10.

Sasa soma mstari huu wa mfano: basi la umma 2 c, basi la binafsi 2 b, stesheni 2 c, bajaji 1, teksi 2 b, trekta 1, mkokoteni 1, barabara ya lami 1, inayopitika mwaka mzima 2.

Kurasa za wasifu zitaandika: "Huduma ya basi la binafsi inapatikana ndani ya kilomita 5 hadi 10." Msomaji anaelewa kuna huduma. Mstari unasema kinyume: basi haliji kijijini, na la karibu linasimama mbali kiasi hicho. Maana yake kamili ni kwamba watu wanapanda bajaji ya kushirikiana, au wanajazana kwenye tela la trekta siku ya gulio, hadi njia panda, na hapo ndipo wanaposubiri basi. Nauli ni mara mbili na subira ni mara mbili. Mgonjwa wa usiku hana kitu, kwa kuwa bajaji ya kushirikiana haiondoki mpaka ijae.

Herufi c haina mwisho. Kilomita 11 na kilomita 45 zote ni c. Dawa iko kwenye faili hilo hilo: kuna safu za umbali halisi kwa kilomita hadi mji wa karibu, makao makuu ya taluka na makao makuu ya wilaya. Zisome pamoja na herufi. Kama mji wenye stendi uko kilomita 32 na basi ni c, hali ni nyingine kabisa kuliko mji ukiwa kilomita 12.

Lami 1 na mwaka mzima 2 haigongani. Lami inafika, lakini katikati kuna korongo lisilo na kalvati, na kuanzia Juni hadi Septemba maji ya monsuni yanakata njia. Safu ya "inayopitika mwaka mzima" ndiyo ya kuiangalia kwanza kabla ya safu nyingine yoyote ya usafiri. Ikiwa ni 2, chukulia kila jibu lingine kuwa la miezi minane tu ya mwaka.

Kinachokosekana kabisa ni idadi ya safari. Basi la shirika la jimbo linalolala kijijini na kuondoka alfajiri, lile ambalo Maharashtra huliita la mukkam, linapata 1. Kijiji cha barabara kuu kinachopitiwa na basi kila nusu saa nacho kinapata 1. Kwa mwanafunzi wa sekondari na kwa mama mjamzito hizo ni dunia mbili, na daftari limezipa tarakimu moja.

Halafu majibu haya hayakutoka kwenye kaya. Yalikusanywa kwa fomu kutoka kwenye rekodi na kwa watumishi wa ngazi ya kijiji: talati wa Gujarat, lekhpal wa Uttar Pradesh, patwari wa Madhya Pradesh. Tazama safu ya mwaka wa rejea kwenye faili: imeandikwa 2009. Wasifu unaosema "kwa mujibu wa sensa ya 2011 kijiji hakina basi" unazungumzia basi la 2009. Riksho za betri, ambazo Bengal huitwa toto na ambazo leo ndizo zinazobeba watu Bihar na Bengal Magharibi, hazina safu humu. Sheria ya kuzitambua ilikuja 2015.

Vyombo vya watu binafsi navyo havimo. Kwa hivyo chukua faili jingine la sensa hiyo hiyo, la mali za kaya, ambalo pia linafika ngazi ya kijiji. Kwa India yote ya vijijini, kaya zenye baiskeli zilikuwa asilimia 46.2, zenye pikipiki au skuta 14.3, zenye gari 2.3. Kijiji kisicho na basi lakini chenye pikipiki kwa theluthi moja ya kaya kinaishi tofauti na kisicho na basi wala pikipiki. Bila faili hili wasifu wa usafiri haujakamilika, na karibu hakuna ukurasa unaoligusa.

Kuziba mapengo

Kwa barabara, fuata rekodi za Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, mpango wa serikali kuu ulioanza tarehe 25 Desemba 2000 wa kufikisha barabara ya mwaka mzima kwenye makazi ya watu 500 na zaidi kwenye tambarare, na 250 na zaidi kwenye milima, jangwa na maeneo ya makabila. Mpango huu unahesabu makazi, si vijiji vya mauza, kwa hiyo unaweza kukuonyesha kile kitongoji cha ng'ambo ya mto ambacho sensa ilikimeza. Awamu ya nne iliidhinishwa Septemba 2024: kilomita 62,500 kwa makazi 25,000, kwa kutumia idadi ya watu ya 2011.

Kwa usafiri wa umma wa miaka ya karibuni kuna utafiti wa Mission Antyodaya wa Wizara ya Maendeleo Vijijini, ulioanza 2017, unaouliza kama kijiji kina basi, vani au bajaji. Unatumia namba za saraka ya serikali za mitaa, LGD, ambazo si zile za sensa. Saraka hiyo inaonyesha namba ya sensa ya 2011 pembeni. Unganisha kwa namba, usiunganishe kwa jina, maana tahajia ya kijiji kimoja huandikwa kwa njia tatu.

Anayehitaji 1991, 2001 na 2011 kwa pamoja asijitese kuunganisha mwenyewe. Development Data Lab wametoa mkusanyo uitwao SHRUG, bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, ambao umeshavioanisha vijiji vilivyogawanyika na kuungana. Waanzilishi wake, Sam Asher na Paul Novosad, ndio waliotumia takwimu za aina hii kupima barabara hizo za vijijini, na matokeo yao ya 2020 yanafaa kukumbukwa na kila anayeandika wasifu: barabara ziliongeza huduma za usafiri na kuwawezesha watu kutoka kwenye kilimo kwenda kazi nyingine, lakini mapato na mali za kaya hazikubadilika sana.

Sensa iliyopaswa kufanyika 2021 iliahirishwa. Mpya imetangazwa kwa saa ya rejea ya tarehe 1 Machi 2027, isipokuwa Ladakh na maeneo ya theluji ya Jammu na Kashmir, Himachal Pradesh na Uttarakhand, ambako ni tarehe 1 Oktoba 2026. Hadi madaftari yake yatoke, kwa idadi ya watu andika 2011 na uandike mwaka huo wazi. Kwa usafiri, jaza mstari kisha mpigie simu mtu wa pale umuulize mambo manne: safari ngapi kwa siku, nauli hadi stendi, mwezi gani njia hukatika, na basi la mwisho kutoka mjini linaondoka saa ngapi.